Kiangazi cha Kazimoto na Kiangazi cha Rukia

Ukikutana na swali la mtihani kuhusu Kichwamaji, njia inajulikana. Unataja udhanaishi, unamtaja Sartre, unamtaja Camus, unaeleza ukengeushi wa msomi aliyetengwa na jamii yake, kisha unashuka kwenye fani na maudhui, unamalizia na falsafa ya mwandishi. Sina ugomvi na njia hiyo, maksi zinapatikana. Lakini riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ina jambo moja la wazi kabisa ambalo katika semina zetu zote nimelisikia likitajwa kama maelezo ya mandhari tu: Kazimoto yuko likizo. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefunga chuo. Tunapokutana naye kwa mara ya kwanza yuko ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, anangoja kumwona Manase, mtu waliyekua pamoja, ili ampatie kibarua. Mengine yote, yaani mimba ya Rukia, kisasi, ndoa na Sabina, mtoto mwenye kichwa kikubwa, mpaka Kazimoto kujiua, yanafuata baada ya kungoja huko.

Mimi nami nilikuwa likizo, tena kando ya ziwa lilelile. Kwetu ni Misungwi, kwenye barabara ya kutoka Mwanza kwenda Shinyanga. Kuanzia Julai hadi Oktoba nilisoma riwaya tatu, na zote zimeandikwa na wana wa Ukerewe: Kichwamaji, Rosa Mistika, na kile kitabu kikubwa cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Nimeyapanga mawazo yangu kwa miezi kwa sababu ndivyo usomaji wenyewe ulivyokwenda, na kwa sababu hoja ninayotaka kuijenga inahusu muda: ni nani katika riwaya ana muda wa kuwaza, na muda huo ameupata wapi.

JULAI

Msomaji asiyeijua Misungwi ajue kwamba Julai kwetu si mwezi wa kupumzika. Pamba imekwisha kuvunwa, watu wanangoja malipo. Viazi vitamu vinachimbwa, vinamenywa, vinakatwa vipande na kuanikwa juu ya mawe viwe michembe, ndicho chakula cha akiba. Ukianika lazima mtu awepo, maana mbuzi hawana adabu, na jioni lazima vianuliwe visipate umande. Maji ya bomba yapo siku mbili au tatu kwa wiki, siku nyingine ni kisimani. Katika nyumba yetu kazi hizi ni za mama, za mdogo wangu wa kike, na zangu nikiwa nimefunga chuo. Siandiki haya kwa kulalamika. Nataka msomaji ajue nilivyokisoma kitabu.

Tulikuwa na nakala moja ya Kichwamaji, wasomaji wawili. Kaka yangu anasoma uhandisi, naye alikuwa nyumbani. Alikichukua Jumamosi asubuhi, akalala chini ya mwembe, Jumapili jioni akanirudishia. "Kitabu kizito," akasema. "Kinafikirisha." Alikuwa ameweka alama ya penseli kila mahali Kazimoto anapojadili maana ya maisha, uhuru, kuwapo kwa Mungu, kifo. Mimi nilikimaliza baada ya wiki tatu. Nilikuwa nasoma kurasa nne nikilinda michembe, mbili nikingoja foleni ya maji, moja usiku kwa tochi ya simu kabla macho hayajakataa.

Sasa hapa ndipo jambo lenyewe lilipoanza. Kaka yangu alikuwa amesoma riwaya ya mawazo. Mimi, kwa sababu nilikuwa nakatizwa kila mara, nikawa naona mahali ambapo Kazimoto mwenyewe hakatizwi. Anawaza mpaka wazo linafika mwisho wake. Akizungumza na wenzake, mazungumzo yanaendelea mpaka yaishe. Sisemi kwamba Kazimoto ni mvivu, hilo lingekuwa shitaka la kitoto. Ninachosema ni kwamba kazi za nyumbani hazina uzito katika usimulizi wake. Wazo linapewa kurasa, kazi inapewa sentensi. Na kwa kuwa riwaya inasimuliwa katika nafsi ya kwanza, kisichokuwa na uzito kwa msimulizi hakina uzito katika riwaya. Tena angalia jina alilopewa: Kazi-moto. Kezilahabi hakuwa mtu wa kutupa majina ovyo.

Katika nyumba hiyo kuna Rukia. Kila mwanafunzi anamjua Rukia: ni dada yake Kazimoto, msichana aliyepewa mimba na Manase. Katika majibu yetu ya mtihani tunamwandika hivyo, sentensi moja, kisha tunaendelea na kisasi. Riwaya nayo inafanya hivyohivyo. Mimba ya Rukia ndiyo inayoisukuma hadithi nzima mbele, lakini Rukia tunamwona kupitia macho ya kaka yake, na akili ya kaka yake inakimbilia upesi kwenye hasira yake mwenyewe, heshima yake mwenyewe, swali lake mwenyewe la kuishi. Kisha anaamua kulipiza kisasi, na njia ya kisasi ni Sabina, dada yake Manase. Yaani deni la mwili wa dada mmoja linadaiwa kwenye mwili wa dada mwingine. Kwamba baadaye anamwoa Sabina hakuifuti hesabu hiyo.

Nilipomwambia kaka haya alicheka. "Wewe humchukii Kazimoto," akasema, "unamwonea wivu." Sikatai.

AGOSTI

Kitabu cha Kitereza nilikibeba kama kopi, kurasa nyingi zilizofungwa kwa kamba kwa sababu hakuna pini ya kuzitosha. Historia yake wengi wetu tunaijua kwa mbali. Kitereza alikimaliza mwaka 1945 kwa lugha yake ya Kikerewe. Hakikupata mchapishaji. Miaka ikapita, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata, 1981, akafariki. Tafsiri ya Kiingereza ilikuja kufanywa na Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi na mzaliwa wa Ukerewe, ikatoka mwaka 2002. Kwa hiyo riwaya hii ilikamilika miaka mingi kabla Kezilahabi hajachapisha neno, ila wasomaji wa Kiswahili waliipata baada ya Kichwamaji. Tukipanga historia ya riwaya ya Kiswahili kwa miaka ya kuchapishwa tu, Kitereza anaonekana mzee aliyechelewa kufika, naye ndiye aliyetangulia.

Wapo wahakiki wanaokiona kitabu hiki kuwa hazina ya mila kuliko riwaya. Wanasema msuko umelegea. Wanasema mwandishi anasahau hadithi ili aeleze jinsi watu wanavyosalimiana, wanavyolima, wanavyotega samaki, wanavyotibu. Mwalimu mmoja alituambia turuke sehemu hizo "ili tufuate hadithi". Nilianza Agosti nikiwa na nia ya kuruka.

Kilichonizuia ni bibi. Bibi yangu, mama yake baba, haoni vizuri siku hizi na anapenda kusomewa. Kiswahili anakielewa, ingawa akijibu anachanganya na Kisukuma. Nikaanza kumsomea jioni, baada ya chakula, mama na mdogo wangu wakiwa wanachambua dengu. Nilijaribu kuruka salamu siku ya kwanza. Akanisimamisha. "Hawa wamefika kwa watu, mbona hawajasalimiana? Wana ugomvi?" Ikabidi nirudi nyuma. Kwake salamu ilikuwa habari. Kwa salamu alikuwa anapima nani anamheshimu nani, nani ana kinyongo, nani amekuja na jambo zito anaogopa kulitoa.

Wasioifahamu hadithi: Myombekere na Bugonoka wameoana, wanapendana, hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamnyanyasa mke kwa maneno. Wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anabaki peke yake nyumbani, anaanza safari za kumwomba mkewe ukweni, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Akikosa pombe hampati mke.

Basi hapa naomba wahakiki wenzangu wanisikilize. Pombe ya ndizi haitengenezwi kwa uamuzi. Ndizi zitafutwe, zikatwe, zivundikwe mpaka ziive, zikamuliwe, itiwe nafaka iliyokaangwa, ngoja ichache. Na mtu mmoja hawezi kuyafanya yote peke yake, lazima awe na majirani wanaokubali kuja. Kitereza anayaeleza hayo hatua kwa hatua, bila haraka. Mwalimu wangu angesema hapo hadithi imesimama. Jioni ya pili ya sehemu hiyo, kabla sijafungua hata karatasi, bibi akauliza: "Zimeiva?" Jioni ya tatu akauliza tena. Mama naye akaingia, anataka kujua kama majirani wamefika wote au kuna aliyetoa udhuru.

Hiyo ndiyo taharuki, jamani. Tumefundishwa kwamba taharuki ni kutojua nani atakufa au nani ameiba. Katika riwaya hii taharuki ni kutojua kama ndizi zitaiva na kama mtu ana marafiki. Mgogoro mkuu, ndoa iliyovunjwa na maneno ya watu, unatatuliwa kwa kazi inayochukua siku kadhaa, na msomaji analazimishwa kuzikaa siku hizo. Msuko wenyewe umefuata mwendo wa ndizi. Nadhani anayeruka maelezo ya kazi ili "afuate hadithi" anafanana na mtu anayekwenda ukweni kudai mke bila mtungi.

Mawazo nayo yamo ndani ya kazi hizo. Myombekere anafikiri sana. Ana upweke, ana aibu, anajiuliza maisha bila mtoto yana maana gani. Hayo ni maswali ya Kazimoto hasa! Tofauti ni kwamba anajiuliza huku akitafuta kuni na moto wa kupikia, kwa sababu mke hayupo na tumbo linadai. Kitereza anamfanya mwanamume huyu agundue nyumba ina kazi kiasi gani siku ile anapobaki peke yake ndani yake. Sijui riwaya nyingine ya Kiswahili inayolishughulikia jambo hilo kwa makini hivyo, na imeandikwa na mzee aliyelelewa na wamisionari, mwaka 1945!

Nisimpambe Kitereza kupita kiasi. Bibi mwenyewe hakumpamba. Tulipofika kwenye utaratibu mzuri wa nyumba, mke anafanya hili, mume lile, kila mtu anajua nafasi yake na kila mtu ameridhika, bibi aliguna. "Huyu aliyeandika," akasema, "aliyekuwa anatwanga ni nani kwake?" Hilo swali limekaa kichwani mwangu kuliko makala yoyote niliyoisoma juu ya kitabu hiki. Kitereza aliandika ili mambo ya wazee yasipotee, na mtu anayehifadhi hupenda kukunja vizuri anachokihifadhi. Mikunjo inaonekana. Kuna siku katika kitabu hiki ambazo hakuna anayechoka.

Lakini pale penye uchungu hakukunja kitu. Sehemu ya utasa, matibabu, kungoja mimba, kisha kungoja mtoto asife, imeandikwa na mtu anayejua anachokisema. Yeye na mkewe, Anna Katura, walizika watoto wao wangali wachanga. Mtoto wa Myombekere anapewa jina Ntulanalwo, jina lililobeba kifo ndani yake, la mtu anayekaa nacho siku zote. Mama alipolisikia jina hilo aliacha kuchambua dengu. Hakusema kitu, nami sikumuuliza. Katika familia nyingi za kwetu majina ya namna hiyo yapo, na kila moja lina kaburi nyuma yake.

Nikarudi kwenye Kichwamaji nikiwa na hilo akilini. Riwaya zote mbili zinaishia kwenye tumbo la mwanamke. Kwa Kitereza tumbo halibebi, na jamii nzima inahangaika: wazazi, mganga, majirani, mume. Kwa Kezilahabi tumbo limebeba lisivyotakiwa, Rukia kwa Manase, na baadaye Sabina anazaa mtoto mwenye kichwa kikubwa, na anayehangaika ni msomi mmoja ndani ya kichwa chake. Ninashuku kwamba kinachotenganisha riwaya hizi si kwamba moja ni ya zamani na nyingine ni ya kisasa, kama tunavyoandika. Ni hesabu ya watu wanaoitwa kuja kusaidia.

SEPTEMBA

Mwezi huu nilisoma kidogo. Ni mwezi wa kung'oa miti ya pamba na kuichoma, ili funza wasipate pa kujificha mpaka msimu ujao, na moshi wake unaumiza macho. Kisha shangazi alihitaji mtu wa kumsaidia.

Shangazi alikuwa mfanyabiashara wa Kigongo. Wote waliowahi kuvuka kwenda Sengerema au Geita wanapajua Kigongo: foleni ya magari, abiria wameteremka, jua, na akina mama wenye sato wa kukaanga, karanga, mayai. Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, basi likawa linapita dakika chache bila kusimama. Hakuna anayetaka kivuko kirudi, hata shangazi hataki. Mgonjwa aliyekuwa anangoja kivuko usiku anajua thamani ya daraja. Ila shangazi alikuwa akiishi kwa muda wa watu wengine wa kungoja, na muda huo umekwisha. Sasa anapika chakula karibu na stendi ya Misungwi, na Septemba yote nilikuwa mkaangaji.

Nilikuwa na Rosa Mistika kwenye mfuko wa aproni. Riwaya hii ni ya 1971, miaka mitatu kabla ya Kichwamaji, nayo ilizuiwa kutumika mashuleni ilipotoka. Leo tunaisoma bila kushtuka, tunajibu maswali ya malezi. Mimi safari hii niliangalia likizo tu. Rosa ni msichana wa Ukerewe anayesoma Mwanza, kwa hiyo naye anafunga shule, anavuka ziwa, anarudi nyumbani. Na nyumbani ni nini kwake? Ni Zakaria, baba mlevi, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Ni Regina, mama anayeibeba nyumba na kupigwa ndani yake. Kurudi nyumbani kwa Rosa hakumpi nafasi ya kujiuliza maana ya maisha. Anaporudi anakaguliwa.

Kwa hiyo siwezi kusema Kezilahabi hakujua. Alijua! Alizaliwa Namagondo mwaka 1944, nyumba za namna hiyo alizifahamu, na kitabu chake cha kwanza alimpa msichana. Ndiyo maana Kichwamaji kinanitatiza zaidi, si kidogo. Mwandishi aliyekwisha kumwandika Rosa anamweka Rukia pembeni na kumpa kaka yake kipaza sauti. Ama alikuwa ameliacha jambo lile, ama alitaka tumwone huyu msomi alivyo kiziwi. Nimejaribu kuisoma kwa njia ya pili, yaani kwamba riwaya inamcheka Kazimoto. Kuna kurasa zinazokubali. Kuna nyingine, hasa zile kaka yangu alizopigia penseli, ambazo hazina kicheko hata kidogo. Mwandishi na msimulizi wanasimama bega kwa bega, wanatazama utupu mmoja.

OKTOBA

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa ziwa, watu wakaanza kutazama majembe yao, nami nikaanza kufikiria tasnifu ya mwaka wa tatu.

Nimeshaonja upinzani. Nilipomweleza mwalimu mmoja kwa simu ninachotaka kuandika, alinisikiliza vizuri, kisha akasema huo ni usosholojia. Riwaya haihukumiwi kwa kuhesabu nani amechota maji. Akaongeza kwamba msiba wa Kazimoto unatokana na unyama wa Manase na ugonjwa, si na likizo, na kwamba mtu anayelima siku nzima naye anaweza kukata tamaa. Hoja hizi mbili ni nzito na nimezibeba mgongoni mwezi mzima.

Ya pili naikubali karibu yote. Kitereza mwenyewe ni shahidi: Bugonoka ana mikono isiyopumzika, na bado maneno ya mawifi yanamfikia. Kazi haiponyi. Ningekuwa nasema kwamba Kazimoto angeshika jembe asingejiua, ningekuwa nahubiri, na mahubiri hayo tumeyasikia sana tangu enzi za Azimio. Kezilahabi aliyasikia pia, akayajibu katika riwaya zake zilizofuata.

Ya kwanza siikubali. Sihesabu ndoo. Nauliza juu ya usimulizi, na usimulizi ni fani. Ni nani anapewa nafasi ya kuwaza kurasa kumi bila kuitwa? Ni kazi gani inapewa aya na ipi inapewa nusu sentensi? Tunapotoa tamko kwamba Kichwamaji ni riwaya ya falsafa na Myombekere ni kitabu cha mila, tumekwisha kukubali kwamba falsafa inaanza pale kazi zinapofichwa. Mwandishi anayezionyesha tunampeleka idara ya historia. Huo ni uamuzi wa kihakiki, tena mkubwa, na tunaufanya bila kuutolea hoja.

Halafu kuna jambo la sisi wenyewe. Darasani kwetu wasichana ni zaidi ya nusu. Wote tumefundishwa kujitambua katika Kazimoto: msomi, kijiji hakimwelewi, elimu imemtenga. Sawa, kutengwa kupo. Mimi nikirudi Misungwi kuna mambo siwezi kuyaeleza nyumbani, na bumu likichelewa hakuna anayeelewa kwa nini mtu wa chuo kikuu anaomba nauli. Lakini likizo niliyorudia si ya Kazimoto. Ukinirudisha katika nyumba ile ya Ukerewe, siko kwenye kiti cha msimulizi. Niko upande wa Rukia, nikiwa na shahada mbili tatu au bila hata moja, na mwanafunzi wa kike anayeandika "sisi wasomi" kuhusu Kazimoto anapaswa angalau kusimama kidogo kwenye neno "sisi".

Nilitaka kujua bibi angemwonaje Kazimoto, basi wiki ya mwisho nikamsomea mwanzo wa Kichwamaji. Ile sehemu ya kungoja ofisini ilimfurahisha sana, alicheka. Amewahi kungoja maofisini. Tulipofika kwenye mimba ya Rukia aliniacha nisome kurasa kadhaa za hasira ya Kazimoto, kisha akasema kama anayeuliza chumvi iko wapi: "Na huyo msichana anasemaje?"

Nikafunua mbele. Nikafunua nyuma. Maneno ya Rukia yapo, machache, nikamsomea niliyoyapata. Akayasikiliza mara moja, akaomba niyarudie polepole, kama mtu anayesikiliza shauri la jirani na hajasikia upande mmoja vizuri. Kisha akataka turudi kwa Bugonoka.

Nimemwachia mdogo wangu ile kopi ya Kitereza yenye kamba, amsomee bibi mpaka Desemba. Nimemkataza kuruka salamu. Juzi alinipigia kuuliza kama kile kitabu kina sehemu nyingine zaidi ya hizo, maana Ntulanalwo anakua haraka na bibi anadai kuna miaka imefichwa.